Valvu ya Silinda ya Tatu

Nimeiweka valvu ya injini mezani juu ya gazeti, na kila nikipita naishika. Ukingo wake umeliwa upande mmoja, kipande kimemeguka mfano wa mwezi mchanga, na pale palipoliwa chuma kimepauka kama jivu. Zile tatu nyingine za kutolea moshi ni nzima, zina rangi ya kahawia tu.

Volkswagen hii ya 1968 nilipewa na ami. Yeye alikuwa kijana Volkswagen iliposhinda Safari Rally mwaka 1962, na mapenzi yake na magari haya yakaanzia hapo. Mwezi uliopita ikaanza kutetemeka kwenye foleni ya Makupa, hapa Mombasa, na mlima wa Mazeras ikaupanda kwa gia ya pili. Gereji ya kwanza ikaniuzia kabureta. Nikalipa, ikafungwa, mtetemo ukabaki. Bado naumia nikiikumbuka pesa ile, maana hakuna aliyepima chochote.

Fundi wa Majengo hakuigusa kabureta. Alitoa plagi zote nne, akapima kompreshani, yaani nguvu ya mbano wa hewa, silinda moja moja. Moja, mbili na nne zilipita 100. Nambari tatu, ile ya upande wa abiria iliyo karibu na kiti cha nyuma, ikakwama kwenye 45. Akamimina kijiko cha oili ndani, akapima tena: 45 ile ile. Ingekuwa ringi za pistoni zimelika, oili ingeziba na geji ingepanda. Kisha akaingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi, akaniita nyuma.

"Hebu tega sikio kwenye ekzosi, mwanangu."

Upepo ulikuwa unavuma mle ndani, kama mtu anayepumua kwa meno. Valvu ya kutolea moshi haikuwa ikifunga.

Nilitaka kujua kwa nini hii, si nyingine. Akanionyesha: injini hii hupozwa kwa upepo wa feni, na kipoza oili kimesimama ndani ya boksi la feni, kwenye njia ya upepo unaokwenda silinda ya tatu. Basi ya tatu hupata upepo haba, tena wa moto. Watengenezaji wenyewe walikihamisha kwenye injini za 1971. Juu ya hayo, raba za waya za plagi upande ule zilikuwa zimeoza, upepo unavujia hapo.

Lakini lililoniuma ni tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu zifunguke. Zilikuwa zikigonga, kisha Ramadhani iliyopita zikatulia. Nilifurahi, nikamwambia mke wangu injini imepona. Kumbe valvu ilikuwa imerefuka kwa joto, kiti chake, pale inapoketi ikifunga, kimezama, na ule mwanya wa milimita 0.15 kati yake na tapeti umekwisha. Valvu hupoa inapokaa kitini. Hii haikuwa ikikaa tena; moto ukawa unapenya ukingoni na kuutafuna.

"Ikigonga usiogope," fundi aliniambia. "Ikinyamaza, njoo mbio."

Jioni nikaenda nayo Mji wa Kale. Ami alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa. Nikamwekea kiganjani kabla sijasema neno. Akaigeuza, akapitisha kidole pale palipoliwa.

"Ya tatu?"

"Ndiyo, ami."

Akakaa kimya. "Nilikuwa nikizipima tapeti kila kilomita 5,000, alfajiri, injini ikiwa baridi. Sikukuambia?"

Sikumbuki. Pengine aliniambia siku ile ile, nami macho yangu yalikuwa kwenye ufunguo.