Wapiga kura wa Marekani hawajakikataa chama cha tatu. Wengi wao hawajaonyeshwa

Kila msimu wa uchaguzi wachambuzi wa televisheni za Marekani hurudia kwamba wananchi wameridhika na vyama viwili, na kwamba vyama vingine havina mvuto. Sisi tunaoamini katika serikali ndogo na uhuru wa mtu binafsi tunalipinga dai hilo kwa sababu iliyo wazi kabisa: mgombea wa chama cha Libertarian mara nyingi huenguliwa miezi mingi kabla mpiga kura hajafika kituoni.

Hadi miaka ya 1880 serikali haikuchapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapisha zake kikazigawa kwa wafuasi. Mwaka 1888 Massachusetts ilipitisha sheria ya karatasi moja inayochapishwa na serikali, na majimbo mengine yakafuata. Kura ikawa siri, jambo ambalo nalithamini sana. Lakini anayechapa karatasi ndiye anayeamua majina gani yaingie, na masharti ya kuingia hutungwa na mabunge ya majimbo, ambamo karibu kila kiti kinakaliwa na Republican au Democrat.

Ukitaka kuona masharti hayo yanavyofanya kazi, tazama New York. Zamani mgombea wa ngazi ya jimbo asiye na chama kinachotambuliwa alihitaji saini 15,000. Aprili 2020, ndani ya sheria ya bajeti, idadi ilipandishwa hadi 45,000, zikusanywe ndani ya siku 42, na angalau 500 zitoke katika kila moja ya angalau nusu ya wilaya za Baraza la Wawakilishi la Marekani. Hesabu yake ni saini 1,072 kwa siku, Jumapili na siku za mvua zikiwemo. Na hizo ni saini halali. Anayekusanya 45,000 tu amekwisha, maana saini huharibika kwa njia nyingi: aliyetia saini hajajiandikisha, au amehama na daftari bado lina anwani ya zamani, hakuweka tarehe, alishatia saini fomu ya mgombea mwingine wa nafasi hiyohiyo, au shahidi aliyesimamia fomu hana sifa. Kosa la shahidi ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linaweza kufuta ukurasa mzima kwa mkupuo. Kwa hiyo wazoefu hulenga ziada ya nusu, yaani saini kama 67,500, na hapo unahitaji wakusanyaji wa kulipwa na wanasheria wa kujibu pingamizi.

Sheria hiyohiyo ilibadilisha namna chama kinavyobaki hai. Awali kura 50,000 katika uchaguzi wa gavana zilikitosha kwa miaka minne. Sasa zinatakiwa 130,000 au asilimia 2, kiwango kilicho kikubwa zaidi, tena kila baada ya miaka miwili. Libertarian walikuwa wamepata hadhi hiyo mwaka 2018; wakaipoteza 2020. Mwaka 2024 karatasi ya urais ya New York ilikuwa na majina mawili tu, Harris na Trump. Ukimsikia mtangazaji akisema wakazi wa New York walichagua kati ya wawili, kumbuka kwamba waliwekewa wawili.

Georgia ni kali zaidi, na inaumiza kwa sababu ya utata wake. Sheria ya mwaka 1943 inamtaka mgombea wa chama kidogo kwa Baraza la Wawakilishi akusanye saini za asilimia 5 ya waliojiandikisha katika wilaya yake, yaani kama 20,000 na zaidi. Tangu itungwe, hakuna hata mmoja wa vyama vidogo aliyefaulu kwa njia hiyo. Mahakama ya rufaa iliiacha isimame Januari 2022. Lakini kwa nafasi za jimbo zima, chama hichohicho huingia bila saini mpya, ilimradi kilifikisha kiwango cha kura katika uchaguzi uliopita. Ndivyo Chase Oliver wa Libertarian alivyogombea Seneti mwaka 2022, akapata zaidi ya kura 81,000, kama asilimia 2, na kuwalazimisha Warnock wa Democrat na Walker wa Republican kurudi duru ya pili Desemba.

Jirani yake Tennessee inamtaka mgombea binafsi wa Baraza la Wawakilishi saini 25, na wa urais 275. Karatasi zake huwa ndefu kidogo, uchaguzi unafanyika, kura zinahesabiwa. Hoja kwamba masharti mepesi yataleta vurugu inajibiwa hapo hapo mpakani. (Kasoro ya Tennessee ni kwamba jina la chama haliandikwi, ndiyo maana Jo Jorgensen, mgombea urais wa Libertarian mwaka 2020, alionekana kama mgombea binafsi.)

Ukivuka saini, unakutana na vyombo vya habari. Tume ya midahalo ya urais iliundwa 1987 na wenyeviti wa vyama vikubwa viwili. Mwaka 2000 iliweka sharti la asilimia 15 katika kura za maoni za kitaifa, yaani tafiti za kuwauliza wananchi watampigia nani. Mwaka 2016 vipimo vyake vilikuwa vitano, vyote vya mashirika ya habari: ABC na Washington Post, CBS na New York Times, CNN, Fox, NBC na Wall Street Journal. Gary Johnson, mgombea wa Libertarian, alikuwa na wastani wa asilimia 8.4, akaachwa nje. Mtu hatajwi kwenye habari, kwa hiyo hajulikani. Hajulikani, kwa hiyo hafikishi 15. Hajafikisha, kwa hiyo hatajwi. Mwaka 2024 CNN iliendesha mdahalo wa Juni yenyewe bila tume, na sharti la 15 likabaki palepale.

Minnesota mwaka 1998 ilionyesha kinachotokea mlango ukiachwa wazi. Jesse Ventura, mgombea wa chama cha tatu, alikuwa na kama asilimia 10 kwenye kura za maoni, akaruhusiwa kwenye midahalo, akashinda ugavana kwa asilimia 37.

Hata hivyo, mtu wa uhuru hawezi kudai serikali iilazimishe CNN kumwalika yeyote. Studio ni mali yao. Karatasi ya kura ni ya umma, na hapo ndipo nguvu zetu zielekezwe: saini chache, muda mrefu wa kuzikusanya, na sheria ya vyama isifichwe ndani ya bajeti.

Kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioko huko: mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu asitie saini fomu hizi. Ni za wapiga kura waliojiandikisha, na kujitambulisha kama raia wakati hujawa kunaweza kukuharibia ombi la uraia. Uliyekwisha kuapa, andika anwani ile ile iliyo kwenye daftari.

Na kama chaguo lako halimo kwenye karatasi, kuandika jina kwa mkono kunasaidia tu pale sheria inaporuhusu. New York huhesabu majina ya urais yaliyowasilishwa mapema pamoja na orodha ya wajumbe wa uchaguzi, yaani watu wanaompigia rais kura rasmi kwa niaba ya jimbo. Oklahoma, South Dakota na Hawaii haziruhusu kuandika jina lolote, na Mahakama ya Juu iliihalalishia Hawaii katazo hilo mwaka 1992.