'But' ilivyonitia mdomoni mwa mbwa, na nilivyoishinda

Kuna mtu alinifundisha Kiingereza hapa Goma, jina lake nalihifadhi. Nilimlipa dola kumi kwa mwezi, au kumi na tano, ilitegemea siku hiyo ameamkaje. Somo la kwanza aliandika ubaoni: but = mais = lakini. Akakung'uta chaki mikononi, akasema, "Hilo tumelimaliza." Tumelimaliza wapi! Ilinigharimu suruali moja, kazi moja na karibu miaka miwili kugundua kwamba alinipa robo ya neno.

Nianze na sauti. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, 'but' tunayo tangu utotoni, kwa Kifaransa ni goli: mpira ukiingia wavuni, mtaa mzima wa Katindo unaipiga kelele, midomo imechongoka kama ya mtu anayepuliza chai. Midomo hiyohiyo nikaingia nayo kwenye Kiingereza. Kuna mama mmoja mgeni niliyekuwa namtembeza mjini. Kila nilipotamka neno langu alitazama miguu yake, kumbe anasikia 'boot', yaani kiatu. Waingereza hawalivuti neno hili. Wanalimeza, likawa kama "bat" iliyokatwa kabla haijafika mwisho. Mimi nilijizoeza nikiwa juu ya pikipiki, kwenye zile barabara za mawe ya lava, ambako huwezi kurefusha sauti hata ukitaka.

Sasa suruali. Yule mama alinitumia ujumbe nimfuate asubuhi kwake Himbi: "the last house but one, on the left". Nikafasiri kama nilivyofundishwa: nyumba ya mwisho, lakini moja. Lakini moja nini? Nikajipa jibu mwenyewe: ni ya mwisho, tena iko moja tu, huwezi kuikosa. Nilipendezwa sana na akili zangu.

Nikafika shati limenyooshwa pasi, nikagonga geti la mwisho kushoto. Kimya. Nikagonga tena, kwa ujasiri wa mtu aliyealikwa, geti likafunguka lenyewe. Sentineli, yaani mlinzi, alikuwa amekwenda kununua mikate. Mbwa hakuwa amekwenda popote. Alikuwa mweusi, sikio moja limesimama na lingine limelala, na hakubweka, alinitazama tu kama mtu anayesoma bei. Mimi nikageuka. Hapo ndipo nilipomsikia sentineli kwa nyuma, mikate kwapani: "Papa, usikimbie! Ukikimbia ndiyo anakuuma!" Ushauri mzuri, ila ulinikuta hatua ya tano. Kitambaa kilichanika kuanzia mfukoni hadi gotini. Na nyumba iliyotangulia ile, yule mama alikuwa amesimama getini na kikombe cha kahawa, ananiita. Ya mwisho ukiitoa moja. Ya pili kutoka mwisho, basi.

Ungedhani nilijifunza. Miezi michache baadaye nikafanya mtihani wa ukalimani kwenye shirika moja. Kifungu kilihusu Nyiragongo, volkano yetu, na ndani yake kulikuwa na sentensi hii: "The market was all but destroyed." Nikaandika kwamba soko lilipatwa na yote lakini halikuharibiwa. Mimi! Mtoto wa hapa, ambaye Januari 2002 niliona kwa macho yangu moto ukipita katikati ya mji mpaka ziwani, nimeandika kwa kalamu yangu kwamba soko lilipona. Msahihishaji alizungushia wino mwekundu mara mbili. Maana yake lilikuwa limebaki kidogo tu liteketee lote.

Aliyenitoa gizani ni padri mmoja mzee, Mbelgiji wa upande wa Waflemi, wanaosema Kiholanzi. Nilimlalamikia baada ya misa, akacheka mpaka akaketi. "Kwetu nje tunasema buiten," akaniambia. "Hiyo but yako ni ndugu yake." Kiingereza cha kale kilisema butan, ambayo ni be na utan zilizounganishwa: upande wa nje. Kumbe neno lilianza kama neno la mahali! Mpaka leo Waskoti wana nyumba ya vyumba viwili wanayoiita "but and ben": but ni chumba cha nje, ben ni cha ndani. Kutoka "nje ya" likawa "isipokuwa", na kutoka "isipokuwa" ndipo likafika kwenye lakini. Yaani mwalimu wangu alianzia kwenye tawi, shina hakuliona.

Nikarudi nyumbani nikaanza kupanga. Last but one: ya mwisho, moja ikiwa nje. "Anything but lazy": mwite chochote, uvivu uko nje, kwa hiyo si mvivu hata kidogo. Kila msemo uliingia mahali pake.

Lakini ujanja ninaojivunia si wa padri, ni wangu. Jumapili ile nilikuwa na Biblia mbili magotini, ya Kiswahili na ile ya Kiingereza ya 1611. Yohana 14:6. Kiingereza: "no man cometh unto the Father, but by me." Kiswahili: "mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi." Ila! Neno letu tunalolitumia kila siku, lina isipokuwa ndani yake na lina lakini ndani yake, sawasawa na but. Tangu siku hiyo nikikutana na but naijaribu kwanza kwa ila, na lakini inasubiri nje. "Nothing but stones": hakuna ila mawe. "He is but a child" ilinisumbua kidogo, kwa sababu haina ukanusho. Zamani ulikuwepo, hakuwa ila mtoto, kisha ukadondoka na but ikabaki peke yake imebeba "tu". Ni mtoto tu.

Na wale wanaowakataza watoto kuanza sentensi na But, wafungue Yona 1:3 katika Biblia hiyohiyo ya 1611. Inaanzaje? "But Jonah".

Mtihani wa pili nilipita, shirika lingine. Wiki ya kwanza fundi wa ujenzi akaleta barua ya kudai malipo yake ya mwisho: "the roof is all but finished". Mwenzangu akamsomea mkubwa: paa limekwisha kabisa. Mkubwa ameshachukua kalamu. Nikasema, "Samahani chef, halijakwisha. Limekaribia." Tukaenda kuangalia. Upande wa ziwa yalikuwa yamebaki mabati matatu, na mvua ilikuwa inaingia.

Fundi mpaka leo hanisalimii.