Dawa isiyoonjwa

Jumapili usiku, Bagamoyo.

Mama hukaanga samaki pale sokoni ufukweni, jirani na forodha ya zamani. Jioni nilikwenda kumpokea karai. Akanihadithia kibua aliyemkataa alfajiri: alimfunua shavu, akaona limepauka, akamrudishia mvuvi bila maneno mengi. Kisha, huku anageuza wengine kwenye mafuta, akauliza, "Na hiyo dawa yenu ya mionzi, mwanangu, mnaionjaje?"

Alitonesha kidonda cha Alhamisi, naye hakujua.

Kazi yangu huko Dar ni kuandaa dawa anazochomwa mgonjwa kabla ya kupigwa picha. Asubuhi tunakamua jenereta, si ile ya umeme, bali chombo kinachozalisha mionzi ya dawa. Ndivyo tusemavyo, kukamua, utadhani ni ng'ombe. Ndani yake molibdeni-99, metali yenye mionzi, inaoza polepole, nusu yake huisha kwa saa 66, na inazaa teknetiamu-99m, ambayo nusu yake huisha kwa saa 6 tu. Maji ya chumvi yakipita humo huondoka na teknetiamu, molibdeni ikabaki. Inatakiwa ibaki, ndiyo maana tunapima: kwa kila megabekereli 1 ya teknetiamu (bekereli ni kizio cha mionzi), molibdeni isizidi kilobekereli 0.15. Alumini nayo, inayoweza kutoka na maji ndani ya jenereta, ina karatasi yake inayogeuka rangi.

Ila kipimo chenyewe hasa ni cha ukanda, teknetiamu ikishachanganywa na dawa kwenye kichupa. Nadondosha tone la dawa karibu na ncha ya ukanda wa karatasi, nausimamisha kwenye asetoni kidogo. Asetoni hupanda, na teknetiamu ambayo haikushikana na dawa hupanda nayo. Nakata ukanda kwa mkasi, napima kila kipande. Alhamisi, kwenye dawa ya mifupa, iliyopanda ilikuwa asilimia 16. Sisi ikizidi 10 hatupitishi.

Kosa lilikuwa langu. Niliacha hewa ikaingia kwenye kichupa. Mle ndani mna bati kidogo, na ndilo linaloiwezesha teknetiamu kushikana na dawa. Hewa hulimaliza nguvu. Kwa macho huoni kitu, kichupa kizima na kibovu vyote ni maji maangavu. Ningemchoma mtu, ile iliyozurura ingekwenda kung'aa kwenye tezi ya shingo na tumboni, mifupa ingefifia, na daktari angesoma picha ya uongo.

Nikakitupa kwenye pipa la risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi. Hapo ndipo pagumu, maana babu mmoja alishakaa kwenye benchi na mjukuu wake, wametoka mbali. Tuliyokamua asubuhi ilishagawanywa yote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Nikamweleza kwamba dawa imeharibika mikononi mwangu, tusubiri jenereta ijae tena. Hakugomba. Heri angegomba. Tulikamua saa 7 mchana, ikiwa imejaa karibu nusu tu, nikamchoma, akasubiri saa 3 nyingine dawa iingie mifupani. Alilala chini ya kamera jua likielekea kuzama.

Mama alisikiliza haya yote akichambua samaki walioiva. Nikamalizia na kipimo cha vijidudu, ambacho majibu yake huchukua siku 14, ilhali dawa yenyewe kesho yake imebaki sehemu 1 ya 16.

Akasimamisha upawa. "Kumbe mnapakua kwanza, mnaonja baadaye?"

Nikajitetea: chumba tunakisafisha hivi, glavu tunavaa vile, vichupa vinatoka kiwandani vimefungwa, na majibu hayo yanatwambia kama mikono yetu bado ni ya kuaminika. Niliongea sana. Wateja wawili waliondoka na vibua vyao bado nasema.

"Haya," akasema, akafuta mikono kwenye kanga. "Na yule babu, gari la kurudi alipata?"

Nilitoka kazini kabla hajashuka kitandani. Nikainama nikabeba karai.