Arobaini za Venezia: karantini ilivyofanya kazi

Mswahili akifika Venezia huishia San Marco, akapiga picha na njiwa, akarudi kwenye treni yake. Mwenye nusu siku ya ziada apande boti ya abiria namba 13 pale Fondamente Nove, amwambie baharia mapema kwamba anashukia Lazzaretto Nuovo, kisiwa cha karantini ya zamani, maana boti haisimami pale bila kuombwa. Ziara huwa za wikendi, miezi ya joto. Chukua dawa ya mbu.

Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik, ndiyo iliyotangulia: mwaka 1377 iliamuru atokaye penye tauni akae mwezi mzima nje ya mji. Venezia ikafungua kisiwa cha wagonjwa mwaka 1423, kisha mwaka 1468 hiki cha washukiwa, yaani watu na mizigo iliyotoka penye tauni. Kutenganisha mgonjwa na mshukiwa ndiyo akili yenyewe. Baadaye siku zikawa arobaini, quaranta kwa Kitaliano, ndipo likaja neno karantini. Sisi tunaohesabu arobaini ya mzazi na ya msiba hesabu hiyo haitushangazi. Wao waliitoa kwenye Kwaresima na kwenye vitabu vya matabibu wa kale.

Kazi kubwa haikuwa watu, ilikuwa mizigo. Ghala kuu, Tezon Grande, lina urefu unaopita mita 100, na zamani matao yake yalikuwa wazi ili upepo upite. Sufu, pamba, ngozi na manyoya vilihesabiwa kuwa hatari. Nafaka, mbao na vyuma havikutiliwa shaka sana. Makuli walifungua marobota, wakaingiza mikono ndani na kuyageuza tena na tena. Vingine vilifukizwa kwa mreteni na rosmari, vingine vikachovywa kwenye maji ya chumvi au siki. Barua zilishikwa kwa koleo na kufukizwa moshi. Akiugua mtu mmoja, anapelekwa kisiwa cha wagonjwa, na wenzake wanaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza. Hebu fikiria hasira ya mfanyabiashara aliyefika siku ya 35.

Nadharia yao ilikuwa potofu: waliogopa hewa chafu iliyonasa kwenye nguo. Kilichonasa humo, pengine, ni viroboto wenye bakteria ya tauni. Siku arobaini zilizidi sana muda wa ugonjwa kujitokeza kwa binadamu, kwa hiyo kosa lao liliangukia upande wa usalama. Ila panya hasubiri kibali cha mtu. Tauni ya 1575 hadi 1577 iliua watu wapatao 50,000 mjini humo, lazaretto zote mbili, yaani vile visiwa viwili vya karantini, zikiwa kazini.

Mfumo ulivunjikia zaidi kwenye pesa. Mei 1720 meli Grand-Saint-Antoine iliingia Marseille, Ufaransa, ikitokea pwani ya Shamu, mabaharia kadhaa wakiwa wamekwisha kufa njiani. Ilistahili kupelekwa kisiwa cha Jarre pamoja na shehena yake. Badala yake vitambaa vya thamani vilishushwa kwenye lazaretto iliyokuwa jirani na mji, na sehemu ya shehena ilikuwa mali ya Jean-Baptiste Estelle, mmoja wa viongozi wa mji huohuo. Karibu nusu ya wakazi walikufa. Meli yenyewe ilichomwa moto Septemba, hukohuko Jarre.