Nilivyojifunza kusoma herufi ndogo kwenye sarafu za bibi

Sarafu za bibi yangu zilikuwa zimetungwa kwenye uzi wa kitani uliofungwa fundo kubwa kila upande, nazo zilikaa ndani ya kasha la chumbani kwake, katika nyumba yetu ya mtaa wa Mkomani, Lamu. Nyingi zilikuwa senti kumi na senti tano za tundu za Afrika Mashariki, ambazo wazee wetu waliziita peni na ndururu, na pembeni, ndani ya kitambaa, kulikuwa na reale moja kubwa ya fedha. Bibi alipofariki, shangazi yangu alinikabidhi uzi ule mbele ya watu wa nyumbani akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa ukimuuliza habari zake, basi zikae kwako, na uzijue ni za nini." Amana hiyo niliichukua kwa uzito, nami nataka kueleza namna nilivyozijua, kwa sababu kuna nyumba nyingi hapa kwetu zenye uzi kama huo, na sarafu zake zinaharibiwa kila siku na watu wenye nia njema.

Kosa langu la kwanza nililifanya siku ya pili tu. Nilichukua peni moja nikaisugua kwa ukwaju na chumvi, kama tunavyosugua masinia na dele la kahawa kabla ya Idi. Ilipokauka ilikuwa na wekundu mkali usio wa kawaida, ile rangi ya kahawia iliyoiva kwa miaka mingi ilikuwa imetoka yote, na kingo za maandishi zilikuwa zimelegea. Asidi ya ukwaju haiondoi uchafu peke yake, bali hula ngozi ya juu ya shaba, na ngozi hiyo ndiyo iliyobeba alama nilizokuwa nikizitafuta. Hakuna njia ya kuirudisha. Tangu siku hiyo sijasugua sarafu nyingine yoyote, na kila anayeniuliza afanye nini kwanza humwambia asizisafishe.

Baada ya hapo nilimwendea sonara mmoja mzee anayenijua tangu utotoni, nikamwomba aniazime lenzi yake ya kukuzia na mizani yake ya kupimia fedha. Nilikaa uani asubuhi, wakati jua linapoingia kwa kando, kwa kuwa nuru ya kando hutoa kivuli kwenye kila mchoro ulioinuka, na herufi iliyochakaa huonekana kwa kivuli chake kabla haijaonekana yenyewe. Nilizipanga kwanza kwa mwaka, kisha kwa jina la mfalme, kisha nikatafuta kile kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukiangalii kabisa, yaani alama ya kiwanda kilichoifua sarafu.

Sarafu za Afrika Mashariki zilifuliwa nje, kwa amri ya bodi ya sarafu iliyokuwa London, na kazi iligawanywa kwa viwanda kadhaa. Isiyo na herufi kwa kawaida ilitoka kiwanda cha kifalme cha London. Yenye H ilitoka kwa Heaton wa Birmingham. Yenye KN ilitoka King's Norton, pia ya Birmingham. Yenye I ilifuliwa Bombay, na yenye SA ilifuliwa Pretoria. Herufi ni ndogo kuliko punje ya ufuta, lakini ndani yake kuna safari nzima. Nilipokuta peni ya mwaka 1943 yenye SA, nilielewa mara moja kwa nini haikutoka Birmingham: ilikuwa vita, bahari ilikuwa ya hatari, viwanda vya Uingereza vilikuwa na kazi nyingine, na shaba yetu ikafuliwa Afrika Kusini. Bibi yangu huenda aliipokea sokoni kwa kuuza mkeka, bila kujua kwamba mkononi mwake kulikuwa na habari ya vita.

Habari ya Heaton inastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu H ndiyo herufi niliyoikuta mara nyingi kwenye uzi ule. Mwaka 1850, mashine za mvuke za kiwanda cha Soho kilichoanzishwa na Matthew Boulton ziliuzwa kwa mnada, na Ralph Heaton akazinunua. Kwa mashine hizo familia yake ikaanza kufua fedha za nchi za watu. Hata rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na kampuni ya Kiingereza iliyoutawala mwambao wetu kabla ya serikali yenyewe, ina H hiyo hiyo. Mtu wa Lamu wa zamani aliyekuwa na rupia ile, na mjukuu wake aliyekuwa na ndururu, wote walibeba kazi ya mji mmoja wa Uingereza ambao hawakupata kuuona.

Kuna sarafu moja iliyonifundisha kufua kuliko maelezo yote. Ni peni ambayo tundu lake limesogea upande mmoja, hivi kwamba shaba ya upande huo ni nyembamba kuliko ya upande wa pili, ilhali maandishi ya ukingoni yamekaa sawa kabisa. Nilidhani mtu aliitoboa upya. Lakini nilipoitazama kwa lenzi niliona kingo za tundu ni laini na zimekandamizwa pamoja na uso wa sarafu, nikaelewa mpangilio wa kazi. Bamba la shaba hukatwa visahani vitupu, visahani hutiwa ukingo ulioinuka, hupashwa moto vilainike, na vile vya tundu hutobolewa vikiwa bado vitupu. Ndipo kila kisahani huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, ndani ya pete inayokizuia kisitanuke, na pigo moja likachapa nyuso zote mbili. Kwa hiyo kosa la tundu lilitokea kabla ya pigo, na pigo lenyewe lilikuwa sahihi. Kama ingetobolewa na fundi wa mtaani baadaye, tundu lingekata mchoro na kuacha makali.

Sasa nieleze ile iliyozua maneno. Katikati ya uzi kulikuwa na peni ya mwaka 1936 yenye jina EDWARDVS VIII na herufi KN. Mfalme huyo, Edward wa Nane wa Uingereza, alitawala kuanzia Januari hadi Desemba ya mwaka huo huo, akajiuzulu, na sarafu zenye sura yake hazikuingia katika matumizi ya Uingereza. Habari hiyo imeenea, na mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alipoisikia kwangu alinipa bei ambayo nyumbani waliona ni rehema, lakini kwa sharti kwamba nimpe uzi mzima. Nilimwomba muda. Nilikuja kutambua kwamba sarafu za tundu za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zilitolewa kweli na zikatumika, kwa kuwa hazikuhitaji sura ya mfalme, zilihitaji jina tu, na ndiyo maana zilikuwa tayari mapema. Afrika Magharibi ya Kiingereza, Fiji na New Guinea nazo zilitoa za tundu zenye jina lake. Hivyo peni yangu ni kumbukumbu nzuri, lakini si adimu kama alivyotaka niamini, na alichokuwa akikitaka hasa kilikuwa reale. Sikuuza. Naamini mtu asiyejua alichonacho huuza kwa hofu, kwa kudhani bei aliyotajiwa haitarudi tena.

Reale ile ina sura ya malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, na shangazi aliamini kwamba ilifika Lamu mwaka huo. Nilisita kumwambia, kisha nikaona ni haki ajue. Malkia alifariki mwaka 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na wa mwambao wetu walikataa fedha yenye sura nyingine, kwa hiyo mwaka ule ule uliendelea kuchapwa kwa vizazi. Mwaka 1935 Italia ilipata mihuri kutoka Vienna, na kuanzia 1936 London nayo ikaanza kufua za kwake, kisha Bombay na miji mingine. Zote zina herufi S.F. chini ya kifua cha malkia, zote zina maandishi ya Kilatini yanayozunguka ubavuni, na zote zapaswa kuwa na uzito wa gramu 28 na kidogo. Tofauti ziko kwenye vitu vya chembe, kama vile lulu za kipini cha nguo yake na manyoya ya mkia wa tai. Ya bibi ilipimwa kwa sonara ikatoka sawa, maandishi ya ubavuni yakasomeka, nami nikaridhika kwamba ni fedha ya kweli, hata kama sikuweza kuutaja mji ulioifua. Sonara aliniambia kwamba katika ujana wake reale kama hizo ziliyeyushwa kwa wingi kufanywa vikuku na mikufu ya maharusi, na alipokuwa akisema hivyo aliishika kwa vidole viwili, ubavuni, bila kuigusa usoni, jambo ambalo sikuwa nimemfundisha.

Kuzihifadhi Lamu si kazi nyepesi, kwa kuwa upepo wetu una chumvi na shaba yenye chumvi huota kutu ya kijani inayochimba ndani. Nilikuwa nimezitia kwenye mifuko laini ya plastiki. Baada ya miezi kadhaa zilianza kunata, nikazitoa. Sasa kila moja iko ndani ya bahasha ndogo ya karatasi kavu, imeandikwa kwa penseli mwaka, herufi na uzito, na zote zimo kwenye kopo la bati linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vifuko hivyo navibadilisha kila msimu wa mvua za masika.

Jambo moja lilibaki kati yangu na shangazi. Alipoona bahasha hakufurahi, akaniuliza uzi uko wapi, kwa maana bibi aliufunga kwa mkono wake. Nilimletea uzi, na tukachagua pamoja ndururu 12 zilizochakaa sana, ambazo mwaka wake hausomeki wala herufi yake haionekani, tukaongeza na ile peni niliyoiharibu kwa ukwaju. Yeye mwenyewe alizitunga moja moja, akafunga fundo kama lilivyokuwa, na akaurudisha uzi ndani ya kasha mahali pake.