Feri isiyo na nauli

Watu wa nyumbani wakinipigia simu huniuliza habari za treni. Wameona video, wanataka kujua kama ni kweli hazichelewi. Nawajibu kwamba ni kweli, na ikitokea imechelewa dakika chache, wanatangaza na kuomba radhi. Lakini kitu cha usafiri wa Osaka, mji wa Japani ninakoishi, kilichoniingia moyoni si treni. Ni feri ndogo inayonivusha mto Kizugawa nikienda kazini, mimi na baiskeli yangu, bila kutoa hata yeni moja.

Nakaa wilaya ya Taisho, kusini-magharibi mwa mji. Imezungukwa na maji karibu pande zote: Kizugawa mashariki, Shirinashigawa magharibi, na bandari kule chini. Treni huigusa kaskazini tu, kwenye stesheni ya Taisho, na kuanzia hapo kwenda kusini tegemeo ni basi. Unapandia mlango wa nyuma, unateremkia wa mbele, na unalipa wakati wa kuteremka, yeni 210 hata kama umekaa vituo viwili tu. Mabasi yanafuatana kwa karibu. Wazee wengi wa mtaani kwetu asili yao ni Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, wazazi na mababu zao walikuja kufanya kazi viwandani, na hata mlio unaopigwa stesheni ya Taisho treni ikitaka kuondoka ni wimbo wa kienyeji wa Okinawa. Madukani Hirao, mtaa wa humu Taisho, nanunua karela kama ninunuavyo Marikiti, soko la kwetu Mombasa. Bibi akipanda basi na mfuko wake wa mboga, dereva haondoi gari mpaka amekaa. Dereva hasemeshwi na abiria wala hakumbushwi. Ndivyo afanyavyo.

Kwenda mjini ni habari nyingine. Njia ya mzunguko, ile ya treni za rangi ya machungwa, ina stesheni 19 na inazunguka katikati ya Osaka kwa kilomita zisizozidi 22. Mgeni akiniomba ushauri namwambia jambo moja kuihusu: si kila treni iliyosimama kwenye jukwaa lile inazunguka. Nyingine hufika Tennoji zikachepuka, hizi zinaelekea uwanja wa ndege wa Kansai, zile zinaelekea Nara. Soma kibao cha mbele ya treni kabla ya kupanda. Chini ya ardhi kila stesheni ina herufi na namba, stesheni ya Umeda ni M16 na ile iitwayo Namba ni M20 kwenye njia nyekundu ya Midosuji, kwa hiyo hata asiyesoma Kijapani anahesabu tu. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1933. Meya wa wakati huo, Seki Hajime, aliwachimbia watu majukwaa marefu ilhali treni ya kwanza ilikuwa behewa moja tu. Leo treni za Midosuji zina mabehewa kumi, na zinajaa. Nikisimama pale asubuhi kwenye umati ule namfikiria yule meya, aliyewajengea watu ambao bado hawajazaliwa.

Umeda yenyewe yataka moyo. Kuna Umeda, kuna Umeda ya Mashariki, kuna Umeda ya Magharibi, kuna za makampuni mengine mawili, na stesheni kuu ya juu inaitwa Osaka, zote zikiwa zimeshikana kwa mapito ya chini ya ardhi. Humo ndimo nilimoanza kuviangalia vizuri vigae vya manjano vya sakafuni, vyenye mistari na vitone, vinavyomwongoza asiyeona kwa fimbo na nyayo. Alivibuni Miyake Seiichi, na vya kwanza vilitandikwa barabarani mjini Okayama mwaka 1967. Sasa vipo kila jukwaa nililokanyaga. Na mtu wa kiti cha magurudumu akifika langoni, mfanyakazi wa stesheni huja na ubao wa kumpandishia kwenye treni, kisha hupiga simu mbele ili huko anakoteremkia pawe na mwingine anamsubiri na ubao wake. Nimeliona jambo hilo likifanyika saa ya msongamano, na hakuna abiria aliyeguna.

Sasa nirudi kwenye feri yangu.

Inaitwa Senbonmatsu, inavuka mita 230 za maji kutoka Minami-Okajima upande wetu hadi Minami-Tsumori wilaya ya Nishinari. Juu yake kuna daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 1973. Daraja limeinuliwa zaidi ya mita 30 ili meli zipite chini kwenda viwandani, na kwa kuwa kingo za mto hazina nafasi, barabara za kupandia zimejiviringa mara mbili kila upande kama chatu aliyelala. Gari hupanda bila taabu. Mtu wa miguu anaruhusiwa, lakini azunguke, azunguke tena, apande, kisha ateremke vivyo hivyo ng'ambo. Mama mwenye mtoto nyuma ya baiskeli atafika kazini ameshachoka.

Kwa hiyo daraja lilipokuja, kivuko hakikufungwa. Hilo ndilo ninalolipenda mno. Miji mingi ingesema daraja lipo, mnataka nini tena? Osaka ilikiacha kivuko kwa sababu daraja lile ni la magari, na watu wa miguu nao wana haki ya kuvuka.

Bure hii haikuanza jana. Vivuko vya mji huu vilikuwa vya watu binafsi, na mwaka 1907 vile vya mito mikubwa vikawekwa chini ya usimamizi wa mji. Mwaka 1920 sheria ya barabara ilipoanza kutumika, kivuko kikahesabiwa kuwa sehemu ya barabara, na nauli ikaondolewa. Kama barabara hulipii ukitembea juu yake, kwa nini ulipie palipo na maji? Kufikia mwaka 1935 hivi kulikuwa na vivuko 31, baadhi vya injini na vingine vya makasia. Madaraja yakavipunguza, vikabaki 8, na 7 kati ya hivyo vinaanzia au kuishia wilaya yetu ya Taisho.

Asubuhi tunakuwa gatini mapema: wafanyakazi wa viwanda vya chuma, wanafunzi wa sare, wazee wanaokwenda hospitali. Hakuna tiketi, hakuna lango, hakuna kadi ya kugusisha. Mabaharia wa mji hutusalimu, tunaingia, wengi tunasimama tukishika baiskeli zetu, na kabla hujamaliza kufikiri jambo moja umefika. Ratiba imebandikwa ukutani, na mchana ni kila robo saa hivi. Upepo ukiwa mkali haivuki, na usiku hulala, hapo inabidi nizunguke kwa basi.

Mimi ni mtoto wa Likoni, kwenye kivuko cha Mombasa. Kwetu pia mwenda kwa miguu halipi, na nilikua nikidhani ndivyo dunia nzima ilivyo, mpaka nilipoanza kusafiri. Nilipomweleza mama habari hizi alicheka kwa furaha.

"Na hao wa mashua wanalipwa na nani?"

"Na mji, mama."

"Basi kodi yao inaonekana."

Sikuwa na la kuongeza. Likoni huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, mzigo ambao feri za Osaka haziujui kabisa, na sitaki mtu anisome akidhani nawadharau mabaharia wetu. Wanafanya kazi kubwa. Ninalosema ni kwamba mtu asiyelipa nauli ana haki ileile ya usalama na ya wakati aliyonayo mwenye gari. Feri ya Mtongwe, jirani zetu, ilizama Aprili 1994 ikiwa imepakia kupita kiasi, wakafa watu 272. Mtu wa Likoni akipanda chombo chochote cha maji, popote alipo, macho yake huanza kwa kuangalia wamejaa kiasi gani na maboya yako wapi. Mimi hufanya hivyo Senbonmatsu kila nikipanda, ingawa mara nyingi tuko wachache tu.

Huwa nasikia hoja kwamba kitu cha bure hakiwezi kutunzwa. Gati letu limefagiliwa, kamba zimekunjwa, mashua imepakwa rangi. Kinatunzwa kwa sababu kuna watu wameajiriwa kukitunza, na kwa sababu mji umekubali kwamba hili ni jukumu lake, kama taa za barabarani. Natamani wanaopanga mambo ya kivuko chetu, wakija Japani kutazama madaraja na treni za kasi, wapewe na nafasi ya kusimama gatini hapa saa moja asubuhi.

Jumamosi, Mungu akipenda, rafiki yangu wa Kilifi anakuja kutoka Nagoya. Anataka kuona ngome ya Osaka na taa za mtaa wa Dotonbori, nami nitampeleka. Ila kwanza tutapanda Tempozan, feri ndefu kuliko zote, mita 400 kwenye mdomo wa mto Ajigawa, tuvuke mpaka Sakurajima kisha tushike treni ya kurudi mjini. Nimeshamwambia avae koti, kule upepo wa bahari hauna huruma.