Modeli ipi ya video kwa tangazo la maparachichi?

Dada yangu, anayeuza maparachichi Mwanjelwa hapa Mbeya, aliniomba tangazo fupi la video, nami nikaamua kulitengeneza kwa akili mnemba. Kwa jioni tatu nilizipima modeli kadhaa, yaani programu za akili mnemba zinazotengeneza video kutokana na maandishi, kwa maelezo yaleyale: mkono wa mama ukipasua parachichi kwa kisu, na nyuma yake ukungu umetanda juu ya migomba ya Rungwe. Ya kwanza ilitoa ukungu mzuri mno, lakini kisu kilipopita, kokwa liliyeyuka likawa sehemu ya kiganja, kosa ambalo mnunuzi yeyote wa Mwanjelwa angeliona papo hapo.

Veo 3 ya Google, iliyotangazwa Mei 2025, hutoa video pamoja na sauti yake, jambo kubwa kwa asiye na kinasa sauti. Wan 2.1 ya Alibaba hupakuliwa bure, na toleo lake dogo huhitaji kompyuta yenye kadi ya picha (kifaa cha ndani kinachochakata picha) yenye kumbukumbu ya takriban gigabaiti 8, hivyo hulipii kila jaribio. Hiyo ndiyo niliyoichagua. Hata hivyo, nitaanza na picha halisi ya maparachichi ya dada, modeli iongeze mwendo tu, kwa sababu mteja anastahili kuona tunda lilelile atakalolikuta mezani.